Mahari ya Goti

Mzee Silveri amefariki. Aliyenipigia ni Baba mwenyewe, na Baba si mtu wa kupiga simu. Yeye hungoja apigiwe, kisha alalamike kwamba hapigiwi. Alisema, "Mshenga wako ametangulia." Nilikuwa kazini kwangu Houston, mbele ya meza iliyojaa magoti ya bandia, ya chuma na ya kaboni, mengine yamefunguliwa matumbo nje, na ilinibidi nivute kiti nikae. Halafu nikachukua funguo za gari. Nililia mpaka karibu na mji wa Corsicana, nikajifuta, na ajabu ya Mungu nikaanza kucheka peke yangu barabarani. Maana huyu mzee ndiye aliyeingia nyumbani kwetu na fimbo yake, akaketi kwenye kochi letu, akanichukua mbele ya macho ya baba yangu mchana kweupe. Wapo watu wa DeSoto, kwa shangazi yangu, wanaoamini mpaka leo kwamba mwaka ule niliolewa Houston. Tukikutana kwenye harusi za watu huniuliza mume wangu hajambo, nami nawaambia hajambo, ana kazi nyingi.

Sitaandika hapa tulizaliwa wapi wala tulifikaje Texas. Hadithi hizo kila nyumba inazo, na zikisimuliwa huwa zinafanana. Nauandika mwaka mmoja tu, ule wa mwisho wa sekondari, na nauanzia kwenye mfuko wa plastiki. Jumapili moja Shangazi Eliza, dada yake Baba, nesi wa miaka mingi kule DeSoto, alikuja kwetu Carrollton na mfuko huo, akatoa ndani yake sare mpya ya unesi, blauzi na suruali ya bluu, akaitundika kwenye mlango wa chumba changu. Ilikuwa kubwa. Akasema nisijali, nitanenepa, wanafunzi wote wa unesi hunenepa. Baba akaitazama akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Mama akasema asante kwa niaba yangu. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto asipoulizwa hajibu. Sare ikakaa pale mlangoni, na kila nilipofungua mlango ilinipungia mikono yake mitupu.

Nyumba yetu ilikuwa na tundu ukutani, kati ya jikoni na sebule, la kupitishia sahani. Elimu yangu yote ya maisha niliipata kwenye tundu lile. Ningesimama naosha vyombo, na sebuleni, kwenye makochi ambayo Mama hakuwahi kuyavua nailoni, watu wazima wangekunywa chai ya tangawizi na kuzungumza kuhusu watoto wa watu. Mtoto wa fulani kamaliza unesi, kanunua nyumba hata hajaolewa. Mtoto wa fulani kasoma muziki, sasa anaishi kwenye chumba cha chini cha mama yake. Unesi hauna njaa, Shangazi alikuwa akisema, na chuo kiko karibu, ata-drive kutoka nyumbani, atakula chakula cha mama yake. Wote wanaitikia. Nisieleweke vibaya. Sina ubaya na manesi. Shangazi amewafumba macho watu wasio na ndugu, akawaombea kwa Kiswahili, na kazi hiyo naivulia kofia. Ilikuwa na kasoro moja tu. Haikuwa yangu.

Yangu niliikuta Fort Worth. Huko kulikuwa na misa ya Kiswahili, na baada ya misa watu walikula pamoja ukumbini, Watanzania na pilau yao, Warundi na maharage yao yaliyopikwa na ndizi, watoto wanakimbizana wakifokeana kwa Kiingereza. Padri alikuwa ameomba vijana wenye leseni ya gari wawasaidie wazee waliotoka kambini, wawapeleke hospitali na kuwatafsiria. Mimi nikapewa Mzee Silveri. Alikuwa Mrundi aliyeishi kambi za Kigoma karibu maisha yake yote, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na hakuacha kunikumbusha. Alifanya kazi ya kukagua vifurushi kwenye ghala moja, amekaa kwenye kiti kirefu, kwa sababu mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Ukimwuliza mguu uko wapi anajibu uko Tanzania, unamsubiri. Lakini Jumamosi, kwenye harusi za Warundi, alikuwa mtu mwingine. Kwao upande wa bwana harusi huwa na msemaji, na upande wa binti una wake, wanashindana kwa maneno mbele ya watu mpaka binti atolewe. Mzee Silveri alikuwa msemaji ambaye watu walimwahi kabla hawajatafuta ukumbi.

Siku moja tulikwenda hospitali akapimwe mguu mpya wa bandia. Fundi wa pale alikuwa kijana mpole, akauliza maswali yake moja baada ya jingine: je, nyumbani kuna ngazi, je, anaendesha baiskeli, je, anatembeza mbwa. Nilipotafsiri la mbwa Mzee akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akasema nimuulize fundi swali lake moja: goti hili linapiga goti? Nikauliza. Fundi akaeleza kwa upole kwamba linakunja vizuri sana mtu akikaa kwenye kiti, ila akiliweka chini sakafuni hataweza kunyanyuka nalo mwenyewe, halikutengenezwa kwa kazi hiyo, bora asijaribu. Nikamtafsiria. Mzee Silveri akalichukua lile goti mikononi, akalikunja, akalikunjua, kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango sokoni. "Basi waliolitengeneza hawasali," akasema, akamrudishia. Njiani kurudi hakulalamika hata kidogo. Alizungumza habari za ndizi. Mimi nilikuwa nawaza misa. Jumapili baada ya Jumapili nilikuwa nimemwona akibaki amekaa wakati kanisa zima limepiga magoti, kichwa chake kikionekana peke yake, nikadhani ni uzee. Kumbe mahali fulani watu walikaa mezani wakaamua goti ni la kufanyia nini, na pale mezani hakuwapo mtu hata mmoja wa kwetu.

Nikaanza kutafuta ni nani hukaa kwenye meza hiyo. Nikakuta wanaitwa wahandisi wa tiba, watu wanaosoma mwili na mashine kwa pamoja, na kwamba Houston kuna chuo kinachofundisha kazi hiyo, jirani kabisa na mahospitali makubwa. Nika-apply bila kumwambia mtu. Waliponikubali, na wakasema watanisomesha, nilimwambia Baba sebuleni akiwa anatazama taarifa ya habari. Alipunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wageni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nikimaliza nitakuwa daktari. Nikasema hapana. Nesi? Hapana. Sasa nitakuwa nani? Nikasema nitatengeneza vitu, miguu, magoti, vifaa vya wagonjwa. "Fundi," akasema. "Nimevuka bahari, mama, ili uwe fundi." Akapandisha sauti ya televisheni. Kwa mila za nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa limekwisha. Baba akishasema, mtoto harudii. Ukirudia ni utovu wa adabu, na ukilia ni utovu wa adabu wenye machozi. Kwa wiki kadhaa nilizunguka nyumba ile nimejaa hasira mpaka chakula kikawa hakipiti. Shangazi akapiga simu kuuliza kama nimeshajaribu viatu vyeupe.

Wazo lilinijia nikiwa nyumbani kwa Mzee Silveri, Fort Worth, kwenye fleti yao yenye meza moja kubwa na viti vya kila aina. Mkewe alikuwa ametupikia ugali na samaki wa kukaushwa, migebuka. Mzee alikuwa akijisifu kuhusu harusi ya Jumamosi iliyopita, jinsi alivyomfunga mdomo msemaji wa upande wa pili, halafu akasema jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitilia maanani. Alisema mchezo wote ule, maneno yote yale, mwisho wake ni binti kuulizwa mbele ya watu, umekubali? Na akishajibu, hakuna baba anayeweza kulifuta jibu lake. Nikaacha kula. Kwetu pia ni hivyo. Binti hulelewa miaka yote haulizwi kitu, na siku ya posa ndiyo siku pekee ambayo wazee hunyamaza ili asikike. Nikamwambia, "Mzee, nenda ukaniposee."

Alidhani nimepata mchumba. Nilipomweleza mchumba ni chuo, alicheka mpaka mkewe akaja kumpiga mgongo. Kisha akawa mkali ghafla. Akasema hawezi kwenda kwenye nyumba ya mtu kusema uongo, ulimi wake ndio mguu alionao. Nikasema hakuna uongo. Utampigia Baba, utamwambia mna neno kuhusu binti yake Fortunata, mnaomba kuja na wazee wawili. Wao wakijaza yaliyobaki, shauri yao. Akafikiri, akachambua mwiba wa samaki, akafikiri tena. Akasema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kwa kuwa yeye hawezi kuinama, basi atakwenda hivyo hivyo wima.

Nyumba ilipinduka. Baba alipopokea simu ile alikuja kusimama mlangoni kwangu, chini ya mikono ya sare, akanitazama, kisha akaenda zake. Shangazi alihamia kwetu tangu Ijumaa, ameleta vitenge na hasira: mtoto hata unesi hajaanza, na hao Warundi wamemwonea wapi, si kanisani, alisema tangu mwanzo kanisa lile liko mbali mno. Mama akapika pilau. Baba alikuwa akinyoa ndevu, na mlango wa bafu ukiwa wazi kidogo nilimsikia anafanyia mazoezi majibu yake, sauti ya juu, sauti ya chini. Wakaitwa majirani wawili watu wazima, wa kwetu, wawe mashahidi. Mimi nikafungiwa jikoni, nimejifunga kanga mpya. Nikasogeza kiti mpaka kwenye tundu langu la sahani nikakaa.

Wakaja watatu, wamevaa suti. Mzee Silveri alivuka sebule polepole, fimbo yake ikizama kwenye lile zulia jekundu la maua ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulikanyaga na viatu. Wakasalimiana kirefu, wakaulizana hali ya kila mtu aliye hai. Mzee akaanza. Akasema wametembelea nyumba nyingi, lakini moshi wa nyumba hii ndio uliowavuta, na penye moshi kuna jiko, na jiko hilo wao wamelipenda, wanaomba wapewe walipeleke Houston, likatunzwe. Baba hakumngoja amalize. Alisimama kabisa, na nakiri alipendeza. "Wazee wangu, nawaheshimu," akasema. "Lakini binti yangu haendi kwa mwanamume yeyote. Fortunata anasoma kwanza. Atasoma alichokusudia, mpaka mwisho, na hakuna mtu chini ya jua atakayemkatiza."

Shangazi akapiga kigelegele. Majirani wakapiga makofi. Mzee Silveri akangoja makelele yaishe, amekunja mikono juu ya fimbo. Akauliza kwa adabu kama Baba amesema hayo mbele ya mashahidi. Baba akasema ndiyo, na yuko tayari kuyarudia. "Usiyarudie, tumeyapokea," akasema Mzee. "Sisi hatukutaja mwanamume, shemeji. Tumekuja kuomba binti huyu aende Houston akasome uhandisi wa kutengeneza magoti, kama alivyokusudia. Umetupa kabla hatujamaliza kuomba. Mungu akubariki."

Mrundi mmoja aliendelea kutafuna sambusa, ikasikika. Shangazi ndiye wa kwanza kupata sauti, akasema mzee huyu ametuchezea mchezo, tena ndani ya nyumba yetu, tena na chakula chetu. Baba alikuwa bado amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, na nilifikiri atawafukuza, na yote yangekwisha pale. Ndipo Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na jagi la maji, akasema kupitia kwenye tundu, "Baba Fortunata, kaa. Wageni hawajanawa." Akakaa. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mama alipika pilau ile siku nzima bila kuuliza hata mara moja jina la bwana harusi.

Mzee akasema desturi haijakamilika, binti aulizwe. Nikatoka. Binti anayeposwa hutazama chini, hufunika uso kwa kanga, husubiri aulizwe mara nyingi. Shangazi yangu alinifundisha hivyo tangu mdogo. Nilitoka nimeiteremsha kanga mabegani. Baba akaniuliza kwa kejeli kama namjua huyo anayeniposa. Nikasema namjua. Akauliza kama nimekubali. Nikasema nimekubali. Mpaka hapo mila ilikuwa imenibeba mgongoni. Swali la tatu lilikuwa lake mwenyewe, halimo kwenye mila ya mtu yeyote.

"Hata mimi nisipotaka?"

"Hata wewe usipotaka, Baba."

Nilisema hivyo huku namtazama machoni. Nikiulizwa leo nitasema tena. Wengine hupamba mambo haya baadaye, wanasema walijua wazazi wao wataelewa. Mimi sikujua. Nilijua naweza kutoka mlango ule nisirudi kukaribishwa, na nilikuwa tayari kutoka.

Baba hakupiga kelele. Alimgeukia Mzee Silveri akasema sawa, maji akishayavulia nguo lazima ayaoge. Lakini hakuna binti anayetoka bila mahari. Hataki mbuzi wala dola. "Siku utakayokuja hapa," akasema, akionyesha zulia, "ukapiga goti hapa, ukasimama mwenyewe, bila fimbo na bila kushikwa na mtu, siku hiyo nitajua binti yangu ameolewa na kitu cha maana. Kabla ya hapo msinitafutie baraka." Ilikuwa dhihaka, na kila mtu pale aliisikia kuwa dhihaka. Mzee Silveri akaitika kana kwamba ametajiwa bei ya haki. Kisha tukala pilau. Baba hakula.

Nilikwenda Houston mwezi wa nane na sare ya Shangazi kwenye sanduku. Niliivaa kwenye karakana ya chuo, ikalowa oili na gundi, ikawa sare ya kweli. Hisabati za mwaka ule zilinitoa jasho, na nilikuwa mahali pa joto na unyevu ambapo hakuna aliyeweza kutamka jina langu, na sikumpigia mtu simu kulalamika, maana niliondoka kwa kiburi na kiburi lazima ukilishe. Mama alipiga kila wiki. Baba alikuwa akichukua simu mwishoni kabisa, anauliza, "Matairi umeyaangalia?" Nikisema ndiyo anairudisha. Tuliishi kwenye matairi hayo miaka yote ya chuo.

Mahari nayo nilijaribu kuilipa. Miaka mingi baadaye nilikuwa mmoja wa watu walioketi kwenye ile meza, na tukatengeneza goti la mtu anayekaa chini, anayesali, anayelima. Mzee Silveri akalijaribu kabla ya wengi. Tulikuja naye Carrollton, Baba akaletewa kiti, Mzee akaiweka fimbo ukutani. Akashuka. Akapiga goti kwenye maua mekundu, akafanya ishara ya msalaba, akakaa pale kwa raha zake, na mimi nikaziba mdomo kwa mkono. Alipoinuka, kiuno kiliyumba kidogo, akagusa pembe ya meza ya kahawa. Akasimama. Tukamtazama Baba. "Ameshika meza," Baba akasema. "Ukishikwa haihesabiki." Akaenda jikoni kutafuta chai. Nilikasirika mwaka mzima. Mzee alicheka, akasema baba mkwe mgumu ndiye mwenye binti wa thamani, na tangu siku hiyo kila Jumapili akawa anapiga goti Fort Worth, ameshika benchi la mbele, bila kumwomba mtu radhi.

Nilipofika ukumbini kwao Fort Worth juzi, watu walikuwa wamejaa, wanawake wanapika, wanaume wamekaa na makoti yao. Jeneza lilikuwa mbele, limefunguliwa, na mjane akanivuta pembeni kuniambia kwamba atamzika mumewe na mguu wake wa bandia, watu wa mazishi walitaka kuuvua akawakatalia. Baba alikuwa kwenye safu ya kwanza, mzee sasa, magoti yamevimba, dawa zinajaa mfuko wa shati. Kila mtu alikuwa akipita, anasimama, anainamisha kichwa, anaondoka. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya jeneza, akanipa koti lake nishike, akaanza kushuka. Watu wakamwambia asijisumbue. Akashuka hivyo hivyo, akipumua kwa nguvu, mpaka magoti yote mawili yakagusa sakafu, na akamwambia Mzee Silveri maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akataka kusimama, ikashindikana. Akajaribu tena. Wanaume wawili wakaja mbio kumnyanyua, nikawazuia kwa mkono.

"Mwacheni," nikasema.

Akageuza uso akanitazama kutoka chini, jasho linamtoka. Nilimtazama vilevile kama siku ile ya kanga. Akanyoosha mkono.

"Nishike, mama."

"Ukishikwa haihesabiki, Baba."

Akafumba macho. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani.

"Inahesabika," akasema.

Nikamshika.